Sarafu za Rafiki Yangu wa Kalobeyei

Akaunti ilifunguliwa kwa jina langu kwa sababu kitambulisho changu kilikubaliwa na cha rafiki yangu kilikataliwa. Naliandika hilo kwanza kwa kuwa watu ninaowasimulia habari hii huuliza kwa nini mwanamke mwenye akili kama zile alimkabidhi mtu mwingine mali yake. Hakupenda. Alijaribu mara tatu kujisajili mwenyewe. Soko la mtandaoni la sarafu za kidijitali lilitaka picha ya kitambulisho, na katika orodha ya vitambulisho vinavyopokelewa, kadi ya mkimbizi haikuwamo. Kadi yake ni halali, imetolewa na serikali ileile iliyotoa yangu, lakini aliyeiandika orodha ile hakuwa amefikiria kambi ya wakimbizi ya Kakuma.

Nilikutana naye nikiwa kazini. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea wa redio mjini Lodwar. Hulipwa kwa kila habari inayorushwa, na malipo huja yanapotaka. Nilikwenda Kalobeyei, makazi ya wakimbizi jirani na Kakuma, kurekodi kipindi kuhusu kituo kinachofundisha vijana kompyuta. Mwalimu alikuwa Mkongomani wa miaka thelathini na kitu, aliyefika kambini akiwa msichana akitokea Kivu. Alifundisha Python, lugha ya kuandikia programu, kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani yake. Programu ikikwama alisema, "Masini inakatala," na wanafunzi wake wa Sudan Kusini walijibizana kwa Kiarabu cha Juba hadi mmoja wao akaliona kosa.

Kipindi kilirushwa, lakini mimi niliendelea kwenda. Nilimwomba anifundishe, akakubali, Jumamosi nne mfululizo, baada ya darasa. Jumamosi ya tatu alinionyesha jinsi ya kuuliza bei ya bitcoin. Ilikuwa mistari tisa. Unaiambia Python iende kwenye anwani ya soko, iulize, isubiri jibu, ichague nambari moja katika rundo la maneno, iichape kwenye skrini. Nilibonyeza, nambari ikatokea. Nikabonyeza tena, ikawa imesogea kidogo. Kwa mtu aliyezoea kutafuta bei ya mbuzi kwa kupiga simu tatu na kupokea majibu manne, jambo lile lilinishika. Hapakuwa na dalali. Nambari niliyoiona nikiwa kwenye kiti cha plastiki pale Kalobeyei ndiyo aliyokuwa akiiona tajiri wa mji wowote duniani, kwa wakati uleule.

Yeye hakushangaa. Alikuwa na shida moja na alitaka kuitatua. Kompyuta aliyotumia ilikuwa mali ya kituo, na kituo kilikuwa kinafungwa mwisho wa mwezi uliofuata; wafadhili walikuwa wamemaliza muda wao, na mashine zote zilitakiwa kurudishwa kwenye makasha. Kwa kompyuta hiyohiyo alikuwa akimfanyia kazi mfanyabiashara mmoja wa Kampala, kumtunzia tovuti yake na ankara zake. Kazi hiyo ndiyo iliyomfanya asitegemee mgao wa chakula peke yake. Bila kompyuta, hakuna kazi. Muuza vifaa mmoja Msomali katika mji wa Kakuma alikuwa amemwekea kompyuta iliyotumika, nzuri, na kuahidi kutoiuza hadi mwezi huo uishe. Akiba yake ya miaka minne ilikuwa imebakiza kidogo tu kuifikia bei.

Ndipo alipoandika programu yake, imsaidie kujaza pengo hilo. Hakuwa na tamaa ya utajiri. Alinieleza hivyo mara nyingi, kana kwamba nilikuwa nimemshuku. Alitaka nusu ya akiba ikae katika bitcoin na nusu katika dola za kidijitali, na iwe hivyo daima. Kila baada ya dakika kumi programu, ikiwa kwenye kompyuta ya kituo, iliuliza soko mambo mawili: bei ni ngapi, na akaunti ina nini. Ikiwa bitcoin imepanda na upande wake umezidi nusu, programu inauza ziada. Ikishuka na upande wake ukapungua, inanunua kujaza. Kidogo kidogo. Aliijaribu wiki tatu kwa pesa za mchezo kabla ya kutia zake.

Ili programu ifanye hivyo ilihitaji funguo: misururu miwili mirefu ya herufi na nambari ambayo soko humpa mwenye akaunti. Nilizitoa kwa simu yangu, yeye akizisoma begani kwangu. Palikuwa na vibali vitatu vya kuchagua. Cha kusoma akasema niweke. Cha kununua na kuuza, niweke. Cha kutoa pesa nje, nisiweke. Mwizi akizipata funguo, alisema, hataweza kubeba kitu. Kwa hiyo programu ilikuwa na mikono na mimi peke yangu nilikuwa na mlango wa kutolea pesa.

Mimi nililichukua jambo hilo kwa desturi ninayoijua. Kwetu mtu haweki mifugo yake yote mahali pamoja. Mbuzi wengine hulala kwa rafiki wa Lokiriama, wengine kwa shemeji karibu na ziwa, ili ukame au uvamizi usimmalize mtu siku moja. Anayekabidhiwa hunywa maziwa, lakini mnyama si wake. Hata hivyo malisho yakikauka hangoji ruhusa ya mwenyewe; huwahamisha, kwa kuwa atakayemngoja mwenye mali atamkabidhi mifupa. Nilijiona mchungaji wa sarafu zile. Sikumwambia kwamba nilijiona hivyo. Hakunikabidhi nichunge, alinikabidhi niwe jina.

Jumamosi mambo yalipoharibika nilikuwa nyumbani Lodwar. Saa mbili asubuhi nilifungua simu, nikaona bei imeanguka tangu usiku na bado inaanguka. Nilimpigia. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nilijua sababu: siku hiyo wakimbizi wa sehemu yao walikuwa wanahakikiwa, watu wanapanga foleni alfajiri na kadi zao, na ndani simu haziruhusiwi. Nilipiga tena baada ya robo saa. Kisha nikajiambia nimekwisha kupiga mara mbili.

Niliuza bitcoin yote kwa kitufe cha haraka kilichoko kwenye simu, kile kinachokupa bei mbaya kidogo kwa kuwa una haraka. Nikaona salio lote limekuwa dola. Nakumbuka nilichemsha chai.

Niliporudi kuangalia, nusu ya dola zile zilikuwa zimekuwa bitcoin tena.

Nilidhani nilikosea kubonyeza. Nikauza tena, nikahakikisha, nikaona dola zimeingia. Baada ya muda bitcoin ikarudi. Bei ilikuwa imeshuka zaidi. Nikauza. Ikarudi. Nilianza kuliona soko lile kama duka la mtu anayekurudishia mfukoni kitu ulichokwisha kumuuzia, huku akikukata ada. Niliuza kwa hasira, na kila mara nilipouza nilikuwa nikiuza kwa bei ya chini kuliko ile iliyonunuliwa dakika chache kabla. Nilijua kwamba programu ipo. Hilo siwezi kujitetea nalo. Lakini kichwani mwangu ilikuwa kama kijana wa machungani anayekuta zizi tupu: akikuta hakuna mbuzi atakaa kivulini. Haikunijia kwamba rafiki yangu alikuwa ameiandikia kazi moja tu, kujaza zizi.

Karibu na saa nne na nusu nikaamua kwamba funguo zimeibwa. Nikaingia kwenye mipangilio, nikazifuta. Nikauza mara ya mwisho. Salio likatulia likiwa dola tupu, nami nikakaa nikijipongeza. Mchana bei ikaanza kupanda. Kufikia saa tisa ilikuwa imerudi karibu ilipokuwa alfajiri, na akaunti ile haikuwa na hata chembe ya bitcoin ya kupanda nayo.

Rafiki yangu alinipigia saa kumi.

"Ndugu, funguo imekufa," alisema. "Masini inakatala tangu asubuhi. Mwizi aliingia?"

"Hapana. Ni mimi."

"Wewe, namna gani?"

"Bei ilikuwa inaanguka. Nikauza."

Nyuma yake watu walikuwa wakigombania nafasi kwenye pikipiki ya kurudi. Aliwangoja wapite.

"Uliuza mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja. Na kila mara ukakuta zimerudi. Haukujiuliza nani anazirudisha? Ni programu, ndugu. Wewe unauza, yenyewe inanunua. Mulipigana asubuhi yote, wewe na yenyewe, na pesa yangu."

Jumatatu nilipanda gari kwenda Kakuma na rekodi ya mauzo mkononi. Kwetu, mbuzi wa mtu akifia kwako, humpelekei mwenyewe maneno. Unampelekea ngozi, aione alama yake ya sikio. Jumapili nilikuwa nimekaa na mistari aliyonifundisha, nikatengeneza funguo mpya za kusoma tu, nikavuta orodha ya kila mauzo na kila manunuzi ya asubuhi ile, saa, kiasi, bei na makato, nikaichapisha kwenye duka la vitabu karibu na soko. Kurasa tatu. Ilikuwa programu ya kwanza niliyoiandika bila msaada wake.

Tulikaa barazani kwake. Jirani yake, fundi cherehani Mrundi, alikuwa akikunja sare za kwaya na hakujifanya hasikii.

"Huyu ndiye yule?" akamuuliza. "Mchungaji aliyepigana na mbwa wake mwenyewe?"

"Shona, baba," alisema mwenye mali.

"Nashona. Lakini mbwa alishinda."

Alizisoma kurasa zile mstari kwa mstari na kalamu, akiweka alama ndogo pembeni: yangu, ya programu, yangu, ya programu. Alipofika mwisho alijumlisha, akahakikisha. Karibu sehemu moja ya sita ya akiba ilikuwa imekwenda. Kabla ya Jumamosi alikuwa amebakiza hatua moja kufikia bei ya kompyuta. Sasa alikuwa nyuma ya mahali alipoanzia. Hakupaza sauti. Alisema kwamba naye alikosea, kwa kuwa hakuiandikia programu mstari wa kusimama ikiona mkono mwingine umeingia. Laiti asingesema hivyo. Mtu anapokugawia kosa lake, lako halipungui.

Nilimwomba radhi. Akaniuliza swali la kazi: naweza kujaza pengo kabla ya Ijumaa ya wiki itakayofuata, siku ambayo makasha yatafungwa? Nikasema naweza. Nilikuwa na mbuzi saba Namoruputh, kwenye zizi la baba mdogo. Nikamtolea mlangoni kilichobaki katika akaunti, kikaingia kwenye simu yake, nikaondoka nikiwa na ahadi tu.

Niliwasili Namoruputh Jumatano. Tukasalimiana, ejok, ejok, habari za mvua, habari za Lodwar. Kisha nikamweleza baba mdogo yote. Bitcoin niliita mali ya rafiki iliyokuwa mikononi mwangu, naye hakutaka zaidi ya hapo.

"Ulimwita?" akauliza.

"Mara mbili. Simu ilizimwa."

"Mnyama anayekufa huchinjwa hata kama mwenyewe hayupo. Hakuna atakayekulaumu. Huyo wako alikuwa anakufa, au alikuwa amekonda?"

Nilikumbuka jinsi bei ilivyorudi mchana ule.

"Amekonda," nikasema.

Akaafiki kwamba lazima nilipe. Lakini mbuzi saba ninaowaita wangu hawakuwa wangu kama noti zinavyokuwa za mtu. Wawili walikuwa wamekwisha kutajwa katika mahari ya binamu yangu. Mmoja alikuwa na mimba, asingeuzwa. Kati ya waliobaki, wawili walikuwa uzao wa mbuzi jike aliyetolewa na rafiki wa marehemu baba, anayeishi Lokiriama. Kumjulisha si kumwomba ruhusa, baba mdogo alisema, ila kuuza bila kumjulisha ni kumwambia kwamba urafiki umekwisha. Mtu angetumwa. Mtandao wa simu kule ulikuwa haushiki wiki nzima.

Nilimweleza habari ya Ijumaa. Nilimweleza mara mbili, kwa haraka ya mtu wa redio anayengojwa hewani.

"Kidole chako kina haraka," alinijibu. "Mbuzi wangu hawana."

Ningeweza kuwachukua wale wawili wasio na neno na kuondoka, lakini bei yao isingefika hata nusu ya pengo. Nilimpigia rafiki yangu simu na kumwambia nitachelewa. Akasema sawa, na nilijua kwamba amekwisha kuacha kuhesabu siku zangu pamoja na zake. Nikangoja. Nilipita kwa jamaa wawili mjini kukopa, wakanipa chai. Redio ilikuwa na deni langu la miezi miwili. Mhasibu akaniambia nirudi tarehe tano. Niliwaza jinsi nilivyouza vya mtu mara kumi na moja kati ya chai na chai, na vyangu nilivyoshindwa kuviuza mara moja. Jibu kutoka Lokiriama lilifika siku ya tisa. Mzee alisema tuuze, na alituma salamu.

Niliwauza mnadani Lodwar asubuhi ya Ijumaa ileile, lakini mnunuzi mkubwa alilipa nusu na kuahidi nusu Jumatatu, kama wanavyofanya. Jumanne nilikuwa Kakuma.

Kituo cha kompyuta kilikuwa na kufuli. Yule Msomali alinieleza kwa heshima kwamba aliiweka kompyuta hadi mwezi ulipokwisha, kama alivyosema, na siku moja zaidi. Kisha akaja mwalimu wa shule mwenye pesa taslimu. Hakuwa na nyingine ya bei ile. Mfanyabiashara wa Kampala naye alikuwa ametuma ankara zake siku ya Jumamosi, hakupata jibu, akatuma tena Jumapili, na Jumatatu akaandika kwamba amepata mtu mwingine. Hayo niliyajua baadaye kwa fundi cherehani, ambaye safari hii hakunitania.

Yeye nilimkuta kwenye kituo cha mgao, amevaa fulana ya kazi, akipima maharage kwa kikombe cha bati. Walikuwa wanahitaji watu, alikuwa amejiandikisha siku ya pili baada ya makasha kuondoka. Alimwomba msimamizi dakika chache, tukasimama penye kivuli cha ukuta. Nilimpa pesa. Alizipokea kwa mikono miwili, hakuzihesabu, akazitia ndani ya daftari.

"Nitatafuta ingine," alisema. "Itachukua muda, lakini nitatafuta."

Nikamwambia kwamba akaunti bado ipo, jina langu bado lipo, na kwamba sitagusa kitu tena, hata bei ikianguka hadi sifuri. Programu si alikuwa nayo kwenye flashi? Angeweza kuiendesha popote.

"Hapana, ndugu. Bora ningojee karatasi yangu mwenyewe ikubaliwe."

"Inaweza isikubaliwe."

"Basi."

Wanawake kwenye foleni walikuwa wakitutazama, kwa kuwa tulikuwa tunawachelewesha.

"Nikuulize kitu," alisema. "Ile Jumamosi, ulipouza mara ya kwanza, kabla hazijarudi. Ulisikia namna gani?"

Nilifikiri kusema uongo wa heshima. "Nilisikia nafuu," nikasema. "Kama mtu aliyetua mzigo."

Akaitikia kwa kichwa polepole, bila hasira, kama alivyokuwa akifanya darasani mwanafunzi wake anapotaja mwenyewe mstari wenye kosa.

"Mimi pia ningesikia vile," alisema. "Ni juu ya ile nafuu niliandika programu, inizuie kuuza."

Msimamizi akaita. Akarudi kwenye gunia, akaokota kikombe chake, akamuuliza mwanamke wa mbele nyumbani kwao ni watu wangapi.